Tulirudishwa kabla ya kufika Koitobos, na bado nawapa alama za juu

Ukitaka kupanda Mlima Elgon ukitokea Kisumu, Kakamega au Bungoma, tafuta waongozaji wa Endebess, mji mdogo ulio chini ya mlima huo upande wa Kenya, kabla hujatafuta buti. Nasema hivi nikiwa mteja ambaye hakufika kilele cha Koitobos. Nililipa, nikatembea, nikarudishwa, na ningewalipa tena kesho.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura hapa Kisumu. Natembea milimani na kikundi kilichoanza wakati wa corona, mwaka 2020, watu walipochoka kukaa ndani na vilabu vya mazoezi vikiwa vimefungwa. Wengi wetu tulianzia Riat na Kajulu, tukaenda vilima vya Maragoli, halafu milima ya Nandi, kisha tukaanza kukodi matatu kwenda mbali: Menengai kule Nakuru, Longonot karibu na Naivasha. Sasa hivi Jumamosi kabla ya mapambazuko utakuta vijana na akina mama wamesimama stejini na mikoba mgongoni, na si watalii kutoka ng'ambo. Ni makarani, walimu, wauza dawa, mafundi wa simu. Jambo hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Nimewaona watu wa shinikizo la damu wakibadilika mwaka hadi mwaka kwa sababu ya kutembea tu.

Lakini umaarufu huu umeleta na watu wanaouza safari wasizozijua. Niliwahi kwenda na mwandalizi mmoja, jina nitaliacha, aliyetembea mbele na wenye nguvu akipiga picha za kutangaza safari yake ijayo. Nyuma hakukuwa na mtu wake hata mmoja. Mama mwenye goti bovu alibaki nami kwenye mteremko hadi giza likaingia, nami sikuwa nimeajiriwa na yeyote. Tangu siku hiyo nauliza maswali mawili kabla ya kutuma pesa: nani anatembea wa mwisho, na nani ana mamlaka ya kusema turudi. Anayebabaika simtumii hata shilingi.

Mzee wa Endebess, mwongozaji wao mkuu, hakubabaika. Nilipompigia simu, yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Mko wangapi? Nani ana pumu? Nani anatumia dawa za presha? Mnatoka Kisumu siku hiyo hiyo? Nilipojibu ndiyo, akasema hapana, laleni Kitale usiku mmoja. Swali hilo la mwisho lilinipa imani naye. Kisumu iko karibu mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Koitobos, kilele kirefu zaidi cha Elgon kilicho ndani ya Kenya pekee, kina mita 4,222. Mtu akitoka ziwani alfajiri na kupelekwa kwa gari hadi mwisho wa barabara ya mlimani, mwili wake haupati muda wa kuzoea hewa nyembamba. Waandalizi wengi hawalitaji jambo hili kwa sababu usiku wa ziada unaongeza gharama.

Malipo yao yalikuwa hivi: shilingi 3,000 kwa siku kwa mwongozaji mkuu, 2,000 kwa msaidizi, na kila kundi linalozidi watu sita lazima liwe na wote wawili. Ada ya hifadhi ni kando. Inalipwa kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, na afadhali uiangalie mwenyewe kabla ya kusafiri kwa maana viwango hubadilika. Gari ni kando pia. Nitalirudia suala la gari, maana ndilo lililoniudhi.

Njia yetu ilikuwa Kakamega, Webuye, Kitale, kisha Endebess hadi lango la Chorlim. Mchana wa kwanza ni wa mapango, na hapa sitaharakisha, kwa sababu hata kama hutaki kupanda kokote, Kitum peke yake inatosha kukutoa nyumbani.

Pango la Kitum linaingia ndani ya mlima kama mita 200. Mlangoni maji yanadondoka kutoka juu, mbega wanaruka kwenye miti ya podo, halafu hatua chache tu na mwanga unaisha. Mzee alitusimamisha hapo, akatugawia tochi za kichwani, na kutuonyesha ukuta. Una mikwaruzo mirefu, mingine imelainika kwa umri. Ni pembe za ndovu. Mlima huu ni volkano ya kale, na mwamba wa pango una chumvi ya sodiamu ambayo mvua nyingi za huku zimeiondoa kwenye mimea na udongo wa nje. Kwa hiyo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wanabandua mwamba kwa pembe na kuusaga kwa magego. Wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi kiasi kwamba pango lenyewe limepanuliwa nao. Mtafiti Mwingereza Ian Redmond aliwafuatilia humo miaka ya 1980, na ni kipindi hicho hicho ujangili ulipowamaliza wengi. Hatukumwona ndovu. Tuliona kinyesi kikavu, na mzee akakivunja kwa kijiti kutuonyesha nyuzi za miti, akatuambia kwa makadirio yake kilikaa hapo tangu mvua zilizopita. Nyati na pongo nao huingia kulamba chumvi, kwa hiyo askari wa KWS mwenye bunduki alitangulia kila mara.

Watu pia waliishi humu. Mzee ni Msabaot, kabila la wenyeji wa mlima huu, na alisimulia jinsi wazee wa ukoo wake walivyolaza ng'ombe ndani ya mapango ya mlima huu wakati wa vita vya kunyang'anyana mifugo, mlango ukizibwa kwa magogo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883, aliwakuta watu na mifugo yao ndani ya mapango, akadhani yamechimbwa na mikono ya watu wa kale. Kwa vile wenyeji walimwambia hawakuyachimba wao, alitafuta mchimbaji mwingine mbali. Mchimbaji, yaani ndovu, alikuwa analala msituni hapo hapo. Nilipenda sana namna mzee alivyokaa kimya kidogo baada ya kumtaja Thomson, halafu akasema, "Mama, angelala hapa usiku mmoja tu angewasikia."

Sasa suala la popo wa pango hili na ugonjwa wanaoweza kubeba. Wasomaji wengi wameniuliza kuhusu hili kuliko kuhusu mlima, na kwa kazi yangu siwezi kulipita juu juu.

Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huku magharibi aliugua baada ya kutembelea Kitum, akafia Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki mwenye umri wa miaka 15 alitembelea pango hilo hilo na akafa. Wote walikuwa na virusi vya Marburg. Kijana msaidizi alipoanza kutusimulia akasema ni Ebola, na mzee akamsahihisha mbele yetu bila kumvunjia heshima: ni ndugu ya Ebola, lakini jina lake ni Marburg, wageni wape jina sahihi. Utafiti wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba popo wanaokula matunda na kuishi mapangoni hubeba virusi hivyo.

Je, usiende? Mimi nimeenda. Wageni wengi wameingia na kutoka salama miaka yote hii. Lakini nilitaka kuona waongozaji wanalichukuliaje jambo hili, na hapa nawapa alama zote. Kabla ya kuingia tulivaa barakoa na glavu. Tulikatazwa kushika ukuta, kuketi, kula, kunywa maji au kutafuna hata pipi ndani. Aliyekuwa na kidonda mkononi alibaki nje na msaidizi. Hatukupelekwa kabisa mahali popo wanapolala kwa wingi, tuliwasikia tu. Tulipotoka kulikuwa na mtungi wa maji na sabuni, na buti zilisuguliwa kwa dawa ya klorini kabla ya kupanda gari. Nimefanya kazi kwenye wodi ambazo hazinawi mikono kwa uangalifu huo.

Kasoro ya siku hiyo ilikuwa kofia ngumu. Zilikuwa nne, sisi tulikuwa kumi. Dari la Kitum limeshawahi kuporomoka, na mawe makubwa yaliyolala sakafuni ndiyo ushahidi. Tuliingia kwa zamu ili kila anayekwenda ndani zaidi awe na kofia, ila hilo lilichukua saa nyingi, na Makingeny, pango lenye mlango mpana kuliko yote, tuliliona kwa haraka jioni. Kikundi kinachochukua wageni kumi kinapaswa kuwa na kofia kumi. Nimewaambia, nao wamekubali.

Usiku ulikuwa wa baridi, chakula kizuri: ugali, kuku wa kienyeji, sukuma wiki, na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi nyingi. Choo kilihitaji kufagiliwa. Tuendelee.

Siku ya pili gari lilituacha mwisho wa barabara, kama mita 3,500, tukaanza kutembea saa moja asubuhi. Msitu na mianzi tulishaviacha chini. Huku juu ni nyasi za mafungu, na lobelia na mimea mingine ya milimani iliyokua hadi kumzidi mtu kimo, kila mmoja umesimama peke yake na majani yake makavu yakining'inia shingoni. Koitobos inaonekana mbele, juu yake bapa, kuta zake zikiwa nguzo za mwamba zilizosimama wima. Mzee alitembea wa mwisho. Msaidizi na askari walikuwa mbele, na mwendo wao ulikuwa wa polepole mpaka baadhi yetu wakaanza kunung'unika. Kila nusu saa tulisimama na kunywa maji, na mzee akapita kwa kila mmoja akimwuliza jambo dogo: jina la mtoto wako wa kwanza, jana ulikula nini. Nilielewa alichokuwa akifanya. Anayejibu kwa kukokota maneno ameanza kuishiwa.

Kijana mmoja wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, mcheza mpira, mwenye mapafu mazuri kuliko yetu sote, alianza kulalamika kichwa. Kisha akatapika. Nilikuwa na kipima oksijeni cha kidoleni. Kilisoma 74, wakati sisi wengine tulikuwa juu ya 80. Kabla sijasema lolote mzee alishamwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Kijana akayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Hospitalini tunamfanyia hivyo mgonjwa tunayemshuku ana tatizo la ubongo, na mlimani kuyumba kwa namna hiyo ni dalili kwamba ubongo unavimba kwa kukosa hewa. Tiba yake ya kwanza ni kushuka papo hapo. Nguvu za mwili na ujana havikingi. Wachezaji wanaweza hata kuumia kwa sababu hupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

"Tunashuka," mzee akasema.

Mwenzetu mmoja alipinga. Tumelipa, kilele kile pale, mgonjwa ashuke na msaidizi, sisi tuendelee. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akamweleza kwamba mgonjwa anahitaji watu wawili wa kumshika, kwamba askari ni mmoja na hawezi kugawanyika, na kwamba ukungu unapanda kutoka upande wa Uganda. Kisha akamalizia: "Kijana, kilele hiki nimekiacha mara nyingi. Beba mkoba wa mwenzako." Na yule mtu akaubeba. Tulipofika chini kwenye miti kijana wa Nyalenda alikuwa ameanza kuzungumza sawasawa, akaomba chapati. Tulimpitisha hospitali Kitale hata hivyo.

Huduma ninayoitathmini hapa ni dakika zile tano za uamuzi. Mengine yote, tochi, chai, hadithi, yanazunguka hapo.

Baada ya kurudi nilisoma jinsi kazi hii ya uongozaji ilivyoanza, nikakuta ilianza kwa mtu kukataa kusikiliza. Mwaka 1786 mlima Mont Blanc kule Ulaya ulipandwa mara ya kwanza, na Jacques Balmat, mtafuta madini ya fuwele, pamoja na daktari Michel Paccard, wote wenyeji wa Chamonix. Mwanasayansi wa Geneva, Saussure, alikuwa ametangaza zawadi tangu 1760 kwa atakayepata njia. Baada yao matajiri wakaanza kuja, wakiwakodi wakulima na wawindaji wa bonde lile wawapandishe. Mwaka 1820 mgeni mmoja, Dkt. Hamel, alishikilia kwamba lazima wapande ingawa hali ya hewa ilikuwa mbaya na waongozaji hawakutaka. Theluji ikaporomoka, waongozaji watatu wakafa, mgeni akanusurika. Mwaka uliofuata, 1821, waongozaji wa Chamonix wakaunda kampuni yao wenyewe yenye kanuni, na ipo hadi leo. Waliokufa walikuwa watu walioijua njia na wakanyimwa neno la mwisho.

Huku kwetu historia ina sura hiyo hiyo. Halford Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899 alikuja na waongozaji wa milima ya Alpi ya Ulaya, Ollier na Brocherel, na mizigo ikabebwa na Waafrika ambao wasomaji wachache wanaweza kuwataja kwa majina. Ilichukua hadi 1959 kwa Kisoi Munyao kupanda kilele cha mlima ule akiwa Mwafrika wa kwanza kutambuliwa kufanya hivyo, na ndiye aliyepandisha bendera yetu Lenana, kilele kingine cha mlima huo, usiku wa uhuru, Desemba 1963. Mwaka uliofuata, kule Nepal, mwanajeshi mstaafu Jimmy Roberts alifungua kampuni ya kuwauzia watu wa kawaida safari ya kutembea milimani, hema, mpishi na wabeba mizigo vikiwa ndani ya bei. Kifurushi unachouziwa leo kwenye WhatsApp, usafiri, chakula, mwongozaji na picha, kinafuata mfano huo. Kilichobadilika ni mnunuzi: sasa ni mimi na wewe, tunaotoka Kondele na Milimani, Mumias na Webuye. Basi tuwe wanunuzi wanaojua kinachouzwa. Ukibishana bei ya mwongozaji hadi aache msaidizi nyumbani, umemnyang'anya uwezo wa kukurudisha salama.

Kuhusu gari. Barabara ya juu inahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, na tulilokodi Kitale kupitia mtu wa kati lilikuja na tairi la akiba lisilo na upepo. Bei ilipanda pia asubuhi ya safari, dereva akidai hakuambiwa tunakwenda mwisho wa barabara. Waongozaji hawana gari lao na hawakuhusika, ila wangeweza kutuonya. Naomba wawe na orodha ya madereva wanaowaamini na bei iliyoandikwa. Risiti yao wenyewe ilikuwa karatasi ya daftari; kwa sisi tunaochangishana pesa, risiti yenye mhuri inaondoa maneno. Na simu za wengi wetu zilikamata mtandao wa Uganda huko juu, zikakata, hivyo redio ya askari ndiyo iliyokuwa mawasiliano pekee ya uhakika. Kikundi kinahitaji redio yake.

Kuna msichana wa Endebess anayejifunza kazi hii chini ya mzee. Alikuja nasi mapangoni tu, ila alijua majina ya miti kuliko msaidizi, na alimshika mkono mama mmoja wetu aliyeogopa giza tangu mlangoni hadi tulipotoka. Mkienda, ulizeni kama yupo, na mlipeni malipo kamili.

Msimu mzuri ni Desemba hadi Februari, barabara ikiwa kavu. Beba nguo za baridi za kweli. Jaketi la Kisumu halitoshi. Kama una selimundu, mimba, au moyo unaokusumbua, zungumza na daktari wako kwanza na usimfiche mwongozaji.

Amana ya Januari nimeshatuma. Tutalala Kitale, kisha usiku mwingine kambini juu zaidi kabla ya kujaribu Koitobos, na kijana wa Nyalenda yumo kwenye orodha kwa masharti ya mzee: atembee nyuma, karibu naye. Kofia wameniahidi zitatosha. Bado tunatafuta gari la kuaminika. Mwenye dereva anayeijua barabara ya Chorlim aniachie ujumbe.